Lugha ya Mchungaji Kengele

Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye vyeti tu. Kila mtu alimwita Kengele, kwa sababu ya sauti. Akihubiri bila kipaza sauti, fundi viatu wa mtaa wa pili alijua mahubiri yamefika wapi, na muuza mkaa wa pembeni aliwahi kulalamika kwamba karibu aokoke bila kutaka. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye kwaya ikampeleka madhabahuni, ikampa kanisa la matofali, nyumba ya kanisa nyuma yake, na heshima ambayo mwenye sauti nyembamba angeisotea mpaka mvi. Kwa hiyo siku wachungaji wa jimbo walipoitwa kusomewa kiapo kipya, hakuna aliyemtazama Kengele kwa wasiwasi. Kama kulikuwa na mtu wa kuapa vizuri, ni yeye.

Kiapo chenyewe hakikuwa kigeni. Kila mwaka, kabla ya kibali chake cha kuhubiri kufanywa upya, mchungaji alisimama mbele ya wenzake, akainua mkono wa kulia, akatamka imani ya kanisa kifungu kwa kifungu. Kifungu cha saba ndicho kilichowatofautisha na makanisa ya jirani. Kilisema kwamba ishara ya kwanza ya mtu kujazwa Roho ni kunena kwa lugha, na kwamba anayeapa amenena na anaendelea kunena. Kengele alikuwa amekitamka mwaka baada ya mwaka bila kigugumizi. Kilipita kooni kama dawa ya kikohozi, uchungu kidogo, basi, yamekwisha.

Safari hii Mwangalizi wa jimbo alikuwa ameongeza. Mwangalizi alikuwa mtu mrefu, nadhifu, apendaye mambo yanyooke, na hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe mapema, maana hadithi za namna hii hupenda kumtafuta mbaya mmoja na kumtwisha yote. Alisimama katika ukumbi wa makao ya jimbo, akasoma nyongeza polepole, neno kwa neno. Kuanzia sasa mchungaji ataapa pia kwamba kila anayehudumu katika kanisa lake, awe mwalimu, mwimbaji au shemasi, amejazwa na kunena, "nami nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe." Asiyeweza kuapa hivyo arudishe kibali, na nyumba ya kanisa amwachie mwingine.

Mchungaji mmoja wa makamo akainua mkono. Akauliza, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua swali lake halitapendwa, itakuwaje kama mtumishi ni mwaminifu miaka nenda miaka rudi lakini lugha haijamjia. Mwangalizi akamjibu kwa upole kwamba fundi umeme ambaye kwake ni giza humwiti kuja kuunga nyumba yako. Ukumbi ukacheka. Mstari wa mbele Mzee akagonga fimbo yake sakafuni kuafiki. Mzee alikuwa mchungaji mstaafu, macho yake yameanza kufifia, na ndiye aliyemwekea Kengele mikono kichwani zamani, Kengele akiwa kijana wa miaka kumi na mitano. Hakuna mkutano uliopita bila Mzee kusimulia jinsi mvulana yule alivyonena siku ile, mpaka wanaume wazima wakalia.

Swali la yule mwenzake lilikuwa swali la Kengele pia. Alikuwa ameshika mikono ya watu wanaokata roho ambao hawakuwahi kunena hata silabi moja, akaona amani ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo, na tangu hapo kifungu cha saba hakikumwingia tena akilini. Alitaka kusimama na kusema hivyo. Alikuwa ameshajiinua kidogo kutoka kwenye kiti cha plastiki, kiti kikamganda suruali, na papo hapo Mwangalizi akauliza kama wote wanakubaliana. Kengele akasema "Amina" kabla ya mtu yeyote, kwa sauti ile. Wengine wakamfuata. Yule aliyeuliza akageuka kumtazama, na Kengele akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Shida yake ilikuwa dada yake.

Dada alikuwa fundi cherehani, na kanisa zima lilimwita Dada, hata wenye umri wa kumzaa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Kengele, akamfulia, akamshonea sare ya shule kutokana na mabaki ya sare za wengine. Kila Jumapili alifundisha watoto katika stoo iliyo nyuma ya kanisa, katikati ya spika mbovu na mapazia ya harusi za watu. Kuna mashemasi wenye ndevu waliojifunza kwake kusali. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kusema ukweli mahali ambapo wenye busara huguna na kupita. Akiulizwa kama amenena, alijibu, "Bado." Kila mkutano wa injili aliitwa mbele, akashikwa kichwa, akasubiri kwa adabu, kisha akarudi kitini akirekebisha kitambaa chake. Mwishowe watu walimzoea. Walisema Dada na Mungu wana mambo yao.

Kengele alipofika nyumbani alimweleza mke wake habari ya nyongeza. Mama Mchungaji alikuwa anakunja nguo, na hakuacha kukunja. Alisema basi wifi apumzike, amefundisha vya kutosha. Kengele akasema hawezi kumwondoa dada yake. Mke wake akasema basi asiape. Kengele akasema hilo nalo haliwezekani, wataishi wapi.

"Basi sijui unataka nini, baba watoto," akasema mke wake. "Kila kitu huwezi."

Hapo ndipo Kengele alipoipata njia ya tatu. Waoga wana kipaji cha kuipata njia ya tatu, na huipata upesi sana. Aliamua kwamba Dada atanena.

Alimkuta kibandani kwake, mguu ukiendesha cherehani, sindano mbili mdomoni. Hakumwambia habari ya kiapo. Alizungukazunguka, akauliza hali ya magoti yake, akasifia kitambaa cha mteja, kisha akasema kwamba amewekewa moyoni kumwombea tena ajazwe. Dada akatoa sindano mdomoni moja moja.

"Wewe unataka ninene," akamwuliza, "au unataka nipige kelele?"

Kengele alicheka, kicheko kile cha madhabahuni, akasema mambo ya Mungu hayana haja ya maneno mengi. Dada akamtazama kidogo. Halafu akasema sawa, kama kweli ni ombi lake mdogo wake, atakuja. Alisema vile mtu anavyokubali kubeba mzigo wa mwenzake bila kuuliza ndani kuna nini, na Kengele akaondoka akijiona ameshinda, huku masikio yakimwaka.

Wakaanza jioni moja, katika chumba cha maombi. Mama wawili wa kamati ya wanawake walimshika Dada mabega, mmoja huku, mmoja huku, na Kengele akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Waliomba, wakaimba, wakaomba tena. Dada alipiga magoti kimya, akitetemeka kwa sababu ya magoti yale mabovu. Mama mmoja akasema anaona moto unashuka. Dada akasema samahani, yeye haoni. Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo. Jioni iliyofuata, Kengele akiwa amechoka na koo limekauka, akainama sikioni mwake akasema, "Achia ulimi, dada. Sema lolote linalokuja."

Alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akauondoa mkono kichwani pa dada yake. Aliambiwa hivyo hivyo na yeye, zamani. Akawaambia mama wale inatosha kwa leo.

Zamani ile ilikuwa kambi ya vijana, katika madarasa ya shule wakati wa likizo. Walikuwa kwenye mfungo. Wazee waliweka utaratibu walioona ni mzuri: kijana akinena tu, mfungo wake umeisha, anatoka kwenda kula. Wakatoka mmoja mmoja. Nje vijiko viligonga sahani, na harufu ya chakula ikaingia dirishani bila huruma. Akabaki yeye peke yake, wanaume wanne wamemzunguka, mikono mizito kichwani, Mzee wakati huo akiwa kijana mwenye nguvu akimhimiza achie ulimi. Angeweza kusema kwamba ana njaa na kizunguzungu. Lakini wenzake wote walikuwa wameshajazwa, na kuwa wa mwisho, tena kwa ajili ya tumbo, ilikuwa fedheha asiyoweza kuibeba.

Dirishani akamwona dada yake, aliyekuja kambini kusaidia wapishi, amesimama na upawa mkononi. Wao wawili walikuwa na kinyume chao, mchezo ule wa watoto wa kuchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele, nyumba ikawa mbanyu, maji yakawa jima. Kwa shangazi mkali aliyewachukua baada ya msiba, kinyume ndicho kilichokuwa lugha yao ya mezani. Walikiongea mbio mno, mtu wa pembeni akadhani ni ndege. Basi kijana yule, macho yamejaa machozi, akamlilia dada yake kwa lugha ile, ili wanaume wale wasielewe.

"Dada, kanimecho. Kanata laku. Ndetwe ninyumba."

Dada, nimechoka. Nataka kula. Twende nyumbani. Kumbe wanaume wale walisikia kitu kingine kabisa. Chumba kililipuka. Walimrusha juu, wakamkumbatia, na Mzee akalia kwa sauti, akimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yatima. Kijana angeweza kusema pale pale. Badala yake alimtazama mtu mzima anayelia kwa furaha kwa ajili yake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani, akayarudia maneno yale kwa nguvu zaidi. Kisha akatoka, akala sahani mbili.

Tangu siku hiyo lugha yake ilikuwa hiyo. Aliongeza vipande hapa na pale, lakini kanimecho na kanata laku vilikuwa msingi, na kwa kurudiwa kila Jumapili viliisha makali mpaka yeye mwenyewe akasahau kuvisikia. Kuhusu Mungu alijifariji kwamba Mungu anakijua kinyume, na huenda aliipokea ile njaa kama sala. Jambo moja tu hakuwahi kulijua. Upawa ule ulitoweka dirishani mara tu kelele zilipoanza, na hakujua kama dada yake alisikia au hakusikia. Dada hakuwahi kusema neno, naye hakuwahi kuuliza.

Habari kwamba kwa Kengele kuna mwalimu ambaye bado hajanena zilimfikia Mwangalizi, maana mama wale wawili hawakuwa watu wa kulala na siri. Mwangalizi akaja mwenyewe Jumapili, kwa nia njema kabisa, kusimama na kanisa katika maombi. Kanisa lilijaa. Watoto wa Dada walitolewa stooni wakaketishwa mbele, ili waone mwalimu wao akibarikiwa. Asubuhi hiyo, wakati wa kuvaa, Kengele alikuwa hatimaye amemtuma mke wake akamweleze Dada yote kuhusu kiapo, kibali na nyumba. Hakwenda mwenyewe. Alijiambia ana mahubiri ya kuandaa.

Dada akaitwa. Akaja taratibu na kitambaa chake safi, akapiga magoti. Ngoma zikaanza, kinanda kikafuata, mikono ikamjia kutoka pande zote, na Kengele pembeni yake akaachia lugha yake kwa sauti ile ya kuezua bati, kanimecho, kanata laku, macho ameyafumba. Ghafla akahisi kimya upande wa chini. Akafumbua macho. Dada alikuwa amemwinulia uso na anamtazama yeye, si mbinguni. Kisha akafungua kinywa na kusema, kwa haraka ile ya mezani kwa shangazi:

"Gomdo nguwa, kanimecho. Anilikusiki kusi lei. Nanao yaha. Peusia kwa liaji nguya."

Mdogo wangu, nimechoka. Nilikusikia siku ile. Naona haya. Usiape kwa ajili yangu.

Kanisa likapasuka kwa shangwe. Mama mmoja akapaza sauti kwamba ni lugha ile ile ya mchungaji, sikieni, kanimecho, ni ile ile. Mwangalizi, machozi yakimlengalenga, akasema Roho ni mmoja. Watoto wakapiga makofi wakirukaruka kwenye benchi. Kengele alisimama katikati ya furaha hiyo na kila neno la dada yake likiwa limemwingia wazi, bila kuhitaji kamusi. Alitamani sakafu ya saruji ipasuke imfiche.

Mwangalizi akanyoosha mkono, watu wakatulia. Akasema kwamba kwa kuwa lugha ni moja, bila shaka mchungaji amepewa na tafsiri, na kanisa lingependa kujua Bwana amesema nini. Kipaza sauti kikaletwa. Dada, bado chini, akamngoja. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Kulikuwa na subira tu, ile ya zamani, ya kumngoja amalize kufunga kamba za viatu mwenyewe.

Kengele akakishika kipaza sauti.

"Bwana anasema," akatamka, "binti yangu, nimekuona. Nimekujaza. Endelea kuwafundisha watoto wangu."

Amina zilizofuata zilisikika mpaka kwa muuza mkaa. Dada akainuka kwa taabu, akakung'uta magoti, akapita katikati ya mikono inayompongeza mpaka nje. Hakurudi stooni kuchukua mkoba wake. Mmoja wa watoto aliupeleka baadaye.

Kesho yake Kengele alikwenda kibandani. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaona kama hatasema sasa hatasema kamwe.

"Kumbe ulisikia siku ile."

"Si ulikuwa unaniambia mimi?" Dada hakusimamisha cherehani. "Nilikimbia kukupakulia chakula."

"Mbona hukusema, miaka yote hii?"

"Nilikuwa nakungoja. Nilijua kesho atasema. Ukaanza kuhubiri, nikasema akikomaa atasema. Baadaye watu wakaanza kukuita mchungaji, nami nikaona haya kuwa mtu wa kukuvua nguo." Sasa akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Jana nilisema nawe kwa kinyume ili usikie wewe tu, uamue bila mtu kukulazimisha. Ukanitafsiri."

Kengele akasema alichanganyikiwa, Mwangalizi alikuwa pale, kipaza sauti kilikuwa mkononi. Alisikia mwenyewe jinsi maneno yake yalivyokuwa membamba. Akaongeza kwamba angalau sasa mambo yamekaa sawa, hakuna atakayemwondoa tena darasani.

"Hakuna atakayeniondoa," Dada akakubali. "Ila sirudi. Mimi nilijua watashangilia, mdogo wangu. Nilijua kabla sijafungua mdomo, na nikaufungua. Watoto wamenipigia makofi kwa uongo, na wiki iliyopita tu nilimsimamisha mmoja ukutani kwa sababu ya uongo wa andazi. Nilipokuwa sijanena nilikatazwa lakini ningeweza. Sasa naruhusiwa, siwezi."

Kengele akaliona kosa lake zima. Alikuwa amefanya yote ili dada yake asiondolewe, na kwa mkono wake mwenyewe ndiye aliyemtoa. Akauliza, kwa sauti ya mtoto, afanye nini sasa.

"Hilo usiniulize mimi," Dada akasema. "Umeniuliza cha kula na cha kuvaa, nikakujibu. Hili ni lako."

Kisha akamwomba asogee, maana amemzibia mwanga na shughuli ya mteja ni ya jioni ile ile.

Siku ya viapo ukumbi wa jimbo ulijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Kengele hakuwa amelala vizuri tangu Jumapili ile, na hakuwa ameamua lolote. Mke wake alimpigia pasi shati, akamfunga kifungo cha shingo, asimwulize kitu. Njiani alijiandalia sababu nyingi za kuapa, zote nzuri. Watoto walihitaji paa. Kanisa lilihitaji mchungaji. Mwaka ujao, mambo yakitulia, angeweza kuzungumza na Mwangalizi faraghani. Kila sababu aliyoiongeza ilimzidishia aibu, na bado aliendelea kuziongeza.

Wenzake walipita mmoja mmoja. Yule wa makamo aliyeuliza swali hakuwepo. Ilisemekana alirudisha kibali kimyakimya na sasa anatafuta nyumba ya kupanga. Zamu ya Kengele ilipofika, Mwangalizi alimsimamisha kidogo, akawasimulia wote habari za Dada, jinsi alivyongoja miaka mingi na jinsi alivyofunguliwa kwa lugha ile ile ya ndugu yake. Watu walipiga makofi. Mzee, mstari wa mbele, aliigeuza shingo huku na huku kuwaambia majirani zake kwamba huyo ni mtoto wake, yeye ndiye aliyemshika kichwa.

Kengele akainua mkono wa kulia. Sauti ilitoka vizuri. Kifungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, vyote vilikwenda kwa mwendo wao uliozoeleka, na ukumbi ukaufurahia mwendo huo. Akafika cha saba, akakipita kama anavyokipita kila mwaka. Ikabaki nyongeza. Akasema kila anayehudumu katika kanisa lake. Akasema nami nimemsikia.

Akasimama hapo. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na neno hili peke yake halikuwa uongo. Alikuwa amemsikia, tena neno kwa neno. Mkono wake ulikuwa bado juu, na Mwangalizi alimwashiria kwa kichwa aendelee, akidhani ni machozi ya furaha.

"Nimemsikia dada yangu," Kengele akasema. "Aliniambia nisiape."

Mwangalizi akatabasamu bila kuelewa, akauliza, alimwambia hivyo kwa lugha?

"Kwa kinyume, Mwangalizi. Ule mchezo wa watoto. Na lugha yangu mimi ni hiyo hiyo. Sina nyingine, sijawahi kuwa nayo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikatiza. Mwangalizi alikuwa ameinamisha kichwa, akiikunja karatasi yake mara mbili, mara nne. Wapo wachungaji, wengi kuliko Kengele alivyotarajia, waliokuwa wanatazama viatu vyao. Alidhani akisema atajisikia mwepesi, watu husema hivyo kwenye shuhuda. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akaushusha mkono, akaanza kuteremka jukwaani, na njia ya kutokea ilipita mbele ya Mzee.

Mzee alikuwa ameinuka, ameegemea fimbo, akimtafuta kwa macho yale yaliyofifia. Kengele angeweza kumpita, maana Mzee asingemwona vizuri. Akasimama.

"Hata ile siku, mwanangu?" Mzee akauliza.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko jukwaani. Kengele alijua mzee huyu hakuwa na mali nyingine ya kusimulia.

"Hata ile siku, baba."

"Sasa ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa namwambia dada nina njaa."

Mzee akatikisa kichwa polepole, midomo ikihangaika. Ilipotoka sauti yake haikuwa ya lawama. Ilikuwa ya mtu anayerudi nyuma miaka yote ile, akapita katikati ya kelele na machozi yake mwenyewe, akamkuta mtoto.

"Mbona hukutuambia sisi?" akasema. "Chakula kilikuwepo."

Kengele akafungua kinywa, na ikambidi Mzee asogeze sikio ili asikie.

"Niliona aibu, baba."